Wanafunzi wa afya wakitoka wodi ya akili, mbona hofu inazidi badala ya kupungua?

Nesi_Mzoefu

Salaam wanajukwaa. Uzi ni mrefu, asiye na subira apite salama.

Mimi ni muuguzi wa maradhi ya akili hapa Mombasa, na sehemu ya kazi yangu ni kuwapokea wanafunzi wanaoletwa wodini kujifunza: wauguzi, maafisa wa kliniki, mara mojamoja wa famasia. Nataka kusema jambo ambalo wakubwa wa vyuo hawapendi kulisikia. Tunaamini mwanafunzi akikaa wodi ya akili majuma kadhaa, akawaona wagonjwa kwa macho yake, hofu itamtoka yenyewe. Kwa wengi haitoki. Anaingia akiwaogopa watu wenye skizofrenia, yale maradhi ya akili ya kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyokuwepo, kama kijana yeyote aliyelelewa mitaani kwetu, na anatoka akiwaogopa vilevile. Kilichoongezeka ni maneno ya kitaalamu ya kuitetea hofu hiyo.

Sababu haiko mbali. Tazama nani analazwa. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, skizofrenia ilikuwa ikimpata takriban mtu 1 kati ya 300, jumla yao kama milioni 24 duniani. Mombasa ina watu zaidi ya milioni moja kwa sensa ya 2019, kwa hivyo hata ukikadiria tu, tunazungumzia maelfu. Vitanda vya akili vya Pwani nzima havitoshi hata kipande kidogo cha hao. Wengine wako wapi? Wako Kongowea wanauza vitunguu. Wako kwenye foleni ya feri asubuhi. Wengine wamefungiwa chumba cha uani na hakuna mgeni anayejua kuwa wapo. Anayefika wodini ni yule aliyezidiwa juma hilo, na akianza kupata nafuu anaruhusiwa, mwanafunzi hamwoni tena. Yaani mwanafunzi anaonyeshwa ugonjwa siku zake mbaya tu, halafu anaambiwa, hii ndiyo skizofrenia.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Patricia Cohen na Jacob Cohen, waliliandika hili vizuri: mganga wa hospitali huamini kuwa maradhi ni mabaya na ya kudumu kuliko yalivyo, kwa kuwa wanaorudi mbele yake kila mara ni wale ambao hawajapona. Waliopona hawana haja ya kuja kumsalimia.

Muulize mwanafunzi anayemaliza zamu yake ya wodi ya akili, wangapi hupona? Wengi hunijibu "hakuna, ni ya maisha". Shirika hilohilo la Afya Duniani linasema angalau 1 kati ya 3 hupona kabisa. Na kule jimbo la Vermont, Marekani, Courtenay Harding na wenzake walichapisha mwaka 1987 habari za watu waliowahi kukatiwa tamaa katika wodi za nyuma za hospitali ya jimbo. Walifuatiliwa zaidi ya miaka 30. Nusu yao hadi theluthi mbili walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa. Hao ndio waliohesabiwa kuwa mizigo ya kudumu!

Rai yangu ni hii, na msinipige mawe kabla ya kusoma. Mwanafunzi asianzie wodini. Aanzie kliniki ya nje, siku ya sindano, pale watu wanapokuja kuchomwa dawa yao ya kila mwezi. Siku hiyo utawakuta watu wamekaa kwenye benchi na kadi zao mkononi. Mmoja amevaa sare ya ulinzi katoka zamu ya usiku, mwingine ana mtoto mgongoni, mwingine analalamika mnamchelewesha na kibanda chake cha mahamri kimefungwa. Anachomwa, anatia kadi mfukoni, anakwenda zake. Kisha, mwanafunzi akishawajua hao, ndipo apelekwe wodini. Huko atakapomkuta mtu anayezungumza na ukuta, atajua kwamba huyu naye ana benchi lake kule kliniki linamngoja.

Waliopita vyuo vya KMTC, TUM, Pwani University na kwingineko, nyinyi mlifundishwaje? Semeni ukweli. Majina ya hospitali na walimu tuyaache nje.

unesi_mwaka_wa_tatu

Dada, shikamoo. Umesema kweli tupu.

Mafunzo yetu ya kwanza ya wodi ya akili yalikuwa ni orodha ya makatazo. Usivae hereni. Usivae mkufu. Kalamu isionekane mfukoni. Usimpe mgongo. Usimwambie unakaa mtaa gani. Usiingie peke yako. Aliyetupa orodha alikuwa na nia njema, na mengine yana maana, lakini hadi alipomaliza nusu ya darasa walikuwa wameshikana mikono. Hakuna aliyetwambia neno hata moja kuhusu jinsi ya kuanza mazungumzo na mtu. Tuliingia kama tunaingia zizi la nyati.

Halafu kuna kile kitabu cha kusainiwa. Lazima niwe nimepima hali ya akili ya wagonjwa kadhaa: mavazi, mwenendo, usemi, mawazo, kama anasikia sauti, kama anajua ni siku gani. Kwa hivyo kila mwanafunzi anamwendea mgonjwa yuleyule mpole na maswali yaleyale. Mzee mmoja alinijibu kabla sijauliza: "Leo ni Jumatano, rais namjua, na mia toa saba toa saba wenzako wameshaniuliza asubuhi." Tulicheka wote wawili. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya maana ya pekee pale, na hayakuwa na mahali pa kusainiwa.

Bin_Changamwe

Mwaongea vizuri lakini mwaongea kama hakuna hatari. Mtaani kwetu kuna kijana alimgeukia mamake na panga. Mama yu hai kwa rehema za Mungu. Huyo mwanafunzi akiogopa ana haki yake. Mkimwondolea woga wote, siku moja mtamzika.

Nesi_Mzoefu

@Bin_Changamwe pole sana kwa huyo mama, na sikukatalii. Hatari ipo. Huongezeka mtu akiwa hana dawa, na zaidi akichanganya na pombe, bangi au unga. Lakini ukiwahesabu watu wote wenye skizofrenia, walio wengi hawamgusi mtu, na wao ndio wanaopigwa, wanaonyang'anywa, wanawake wao ndio wanaobakwa. Mimi wodini nimeshona nyuso za wagonjwa waliopigwa na umati mara nyingi mno kuliko nilivyopigwa mimi.

Na usalama ufundishwe kama ujuzi. Chumba cha kujifungulia kina hatari, kitengo cha dharura usiku wa Jumamosi ndicho chenye hatari kuliko kote, na hakuna anayewaambia wanafunzi kule "ogopeni". Wanafundishwa. Mtu aliyeanza kupanda hasira unamjua kwa pumzi, kwa mikono, kwa kutembea huku na huku. Unakaa upande wa mlango bila kumzibia yeye njia. Sauti unaishusha. Unamuuliza, "kuna nini kinakusumbua sasa hivi?" na unangoja jibu. Hayo yangekuwa kwenye kitabu cha kusainiwa, ningefurahi. Hereni si somo.

Famasia_Nyuma_ya_Kaunta

Niongeze moja tu la dawa maana naona halijaguswa.

Nusu ya kile ambacho mwanafunzi anakiona na kukiita wazimu ni dawa. Uso usiocheza, mate yanayochuruzika, hatua fupi za kuburuta, mikono inayotetemeka, shingo iliyopinda upande: haloperidol na ndugu zake hufanya hivyo. Kuna na ile hali ya mtu kushindwa kabisa kutulia, anakaa anasimama, anatembea korido nzima, miguu inamwasha kwa ndani. Nimeona faili limeandikwa "mgonjwa amechafuka zaidi", dozi ikaongezwa, mtu akazidi. Dawa ndiyo iliyokuwa ikimchafua.

Dawa hizi zimesaidia watu, sizipigi vita. Tangu chlorpromazine ilipoanza kutumika Paris mwaka 1952 watu wengi wametoka hospitalini waliokuwa wangefia humo. Ila mwanafunzi asiyejua kutenganisha dalili na madhara ya dawa ataondoka akiamini kwamba watu hawa huwa hivyo, basi. Kukaza na kutetemeka kuna dawa yake, dozi hushushwa, au dawa hubadilishwa. Kwa nini asifundishwe hilo siku ya kwanza?

Tuktuk_Namba_Moja

Yote hii ni muguka, majani haya wanayotafuna. Pigeni marufuku muguka wodi zitabaki tupu.

Famasia_Nyuma_ya_Kaunta

@Tuktuk_Namba_Moja yakhe, marufuku ilitangazwa Mei 2024 na mahakama ikaisimamisha, uzi wake upo, nenda kule mkapigane. Muguka na bangi zaweza kumwasha mtu aliye na mwelekeo na kumzidishia aliye mgonjwa tayari. Lakini wapo wengi hapa walioumwa bila kuonja hata jani. Na hata kama alikula muguka, je, tumbo lake likiuma asitibiwe?

Fundi_Friji

Nimesoma kimya tangu juzi. Hilo la tumbo likiuma limenifanya niandike.

Mimi ndiye huyo mnayemjadili. Niliambiwa nina skizofrenia nikiwa chuo cha ufundi, umri wa miaka ishirini na kitu. Leo nina karakana yangu, natengeneza friji na majokofu ya wauza samaki, nina mke na watoto, na kila mwezi nachoma sindano. Sauti hazikwisha zote. Zimebaki kama redio ya jirani, naisikia lakini siifuati.

Kuna usiku nilishikwa na tumbo. Hospitali sitaitaja. Kijana aliyekuwa zamu alinipokea vizuri, akaniita kaka, akanipa kiti. Kisha akafungua kadi akaona dawa ninazotumia. Tangu hapo hakunitazama tena. Maswali yote akawa anamuuliza mke wangu. "Anasema anaumwa wapi?" Mimi nipo pale, nimejikunja. "Usiku analala? Dawa zake anameza? Ameanza lini kusema tumbo?" Ati kusema. Tumbo hakuligusa. Akaandika niletwe asubuhi kwa watu wa akili. Mke wangu ni mtu wa Majengo, alisema maneno ambayo hayaandikiki hapa, mpaka akaja daktari mwingine. Huyo alibonyeza upande wa kulia chini mara moja tu, nikaruka. Kidole tumbo. Nilipasuliwa siku ileile.

Kwa hivyo mkisema unyanyapaa, watu hufikiri ni kuitwa majina. Majina nimezoea, hata barazani kwetu tukinywa kahawa hunitania nami huwatania. Kilichokaribia kuniua ni mtu mwenye adabu zake zote, aliyesoma, ambaye aliacha kuniuliza mimi.

Na wapo wazuri. Mmoja alikuwa mwanafunzi, sijui yuko wapi siku hizi. Nilikuwa nimelazwa, hoi, yeye akaniuliza friji ikigandisha juu na chini haipoi tatizo ni nini. Nyumbani kwao wana friji kama hiyo. Nilimweleza robo saa nzima, feni, barafu iliyoziba njia ya hewa, kila kitu. Ndiyo siku ya kwanza katika ule mwezi nilipojikumbuka mimi ni nani.

unesi_mwaka_wa_tatu

Kaka Fundi, nimesoma mara mbili. Pole sana. Huyo kijana wa zamu ningeweza kuwa mimi mwaka ujao, na hilo linanitisha kuliko hereni.

Kalamu_Nyekundu

Nafundisha wanafunzi wa afya, sitasema wapi. Yaliyomkuta Fundi ni kosa linalojulikana sana katika taaluma: dalili ya mwili inabebeshwa ugonjwa wa akili, uchunguzi unasimama hapo. Ndiyo sehemu ya sababu watu wenye skizofrenia wana uwezekano wa kufa mapema mara 2 hadi 3 kuliko watu wengine, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, na wengi wao wanakufa kwa moyo, sukari na maambukizi, magonjwa ambayo nesi yeyote wa zahanati anayajua. Presha yao haipimwi. Dawa nyingine huongeza uzito na sukari na hakuna anayefuatilia.

Sasa kuhusu dawa ya unyanyapaa wenyewe. Nimejaribu kufuatilia tafiti, na mambo mawili yanayopendwa sana na vyuo yana matatizo.

La kwanza ni kuwaambia wanafunzi "ni ugonjwa wa ubongo, kama maradhi mengine". Nia ni njema. Matokeo yake katika tafiti ni ya ajabu kidogo: lawama kwa mgonjwa hupungua kidogo, lakini humwona hatabadilika, na hamu ya kukaa naye mbali haipungui, wakati mwingine huongezeka. Ubongo umeharibika, basi umeharibika.

La pili ni lile zoezi la kuvalishwa vipokea sauti masikioni, unasikilizishwa sauti za kutukana huku ukijaribu kufanya hesabu. Wanafunzi hutoka wakilia, walimu hufurahi. Lililopimwa ni kwamba huruma hupanda, na hamu ya kuwakwepa watu hao hupanda nayo. Ukweli ni kwamba umemwogopesha. Huwezi kumwonjesha mtu dakika arobaini za hofu halafu ukaita ni elimu, bila kumwonyesha jinsi watu wanavyoishi na sauti hizo na bado wakatengeneza friji.

Kinachofanya kazi zaidi kwa watu wazima ni kukutana na mtu. Patrick Corrigan na wenzake mwaka 2012 walikusanya tafiti kutoka nchi 14, wakaona kukutana ana kwa ana kunazidi mihadhara na kunazidi video. Tume ya unyanyapaa ya jarida la tiba la Lancet, ya mwaka 2022, ilifika palepale, na mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, mwanamke anayeishi na skizofrenia mwenyewe. Huyo mwenzake, Graham Thornicroft, ni profesa wa London. Walikaa meza moja, cheo kimoja.

Cheo kimoja ndiyo siri yenyewe. Gordon Allport aliliandika mwaka 1954 akizungumzia ubaguzi wa rangi: kukutana tu hakutoshi, watu wawe na hadhi sawa, wawe na kazi moja ya pamoja, na wakubwa wa mahali hapo waunge mkono. Pima wodi yetu kwa vipimo hivyo, Nesi. Mmoja ana ufunguo, mwingine amefungiwa. Mmoja anauliza, mwingine anajibu. Mmoja amevaa koti jeupe, mwingine pajama za hospitali zisizo na vifungo. Tungeshangaa kama hofu ingepungua hapo.

Na tusijidanganye kwamba siku moja itatosha. England walikuwa na kampeni kubwa kuanzia 2007 mpaka 2021, na ndani yake kulikuwa na mafunzo ya wanafunzi wa udaktari pamoja na watu waliougua. Mara tu baada ya mafunzo mambo yalipendeza. Baada ya miezi 6 sehemu kubwa ilikuwa imefifia. Semina moja yenye soda na cheti haibadilishi mtu.

Nesi_Mzoefu

@Kalamu_Nyekundu hilo la vifungo limenichoma maana nimewahi kuliandikia barua. Vifungo vya pajama! Tunaongea unyanyapaa na mtu mzima anashikilia suruali kwa mkono mmoja mbele ya wanafunzi kumi na tano.

Lakini nina wasiwasi na jambo moja. Tukimleta mtu kama Fundi darasani, mwenye kazi na mke, wanafunzi hawatasema "huyu ni wa pekee, wale wa wodini ni wengine"? Nimeshalisikia.

Kalamu_Nyekundu

Watasema. Ndiyo maana asije mmoja. Waje watatu au wanne, na mmoja wao awe bado anahangaika, hana kazi, anaishi na dada yake, siku nyingine nzuri siku nyingine mbaya. Na bora zaidi kama mwanafunzi aliwahi kumwona mmoja wao wodini. Aliyemwona Machi akiwa hoi, Agosti anamfundisha, huyo hatasema tena ni wa pekee.

Mama_wa_Mikindani

Assalamu alaykum wanangu. Nimeandikiwa na binti yangu, macho hayaoni vizuri.

Mwazungumza wagonjwa na wanafunzi, sisi tulio katikati mwatusahau. Mwanangu aliumwa akiwa kidato cha nne. Tulianza na kombe, maji ya aya za kunywa, tukaenda kwa mwalimu akamsomea, tukaenda kwa mganga ng'ambo ya Likoni akatula pesa na mbuzi juu yake. Hospitali tulifika mwisho. Siku hiyo kuna kijana mwanafunzi aliniuliza, "Mama, kwa nini mlimchelewesha hivi?" Kwa sauti ile mwaijua. Nami nikamuuliza, mwanangu, kwenu mtu akianza kusema peke yake usiku, waanza kumwita nani? Akanyamaza, kisha akacheka, akasema nyanyake angemwita ustadh kabla ya mtu yeyote. Nikamwambia basi andika hapo kwenye karatasi yako, sote twaanzia mlango mmoja.

Huyo kijana alibadilika papo hapo. Akaacha kunihoji, akaanza kuniuliza: mlijaribu nini, nini kilimtuliza, anapenda chakula gani. Siku aliyoruhusiwa mwanangu, yeye ndiye aliyenieleza ile sindano polepole mpaka nikaelewa.

Ustadh wetu wa mtaani mpaka leo humsomea, na akimaliza humuuliza, "Dawa umekunywa?" Msiwafundishe vijana kuwadharau hawa. Wafundisheni waende wakawasalimie.

Bin_Changamwe

Mama shikamoo. Umenena. Mimi nilisema la panga na silifuti, lakini yule kijana tunayemuogopa mtaani hata mimi sijawahi kumuuliza jina la ugonjwa wake. Kachomwa sindano au hakuchomwa, sijui.

Wakili_wa_Baraza

Kwa ufupi upande wa sheria, maana kuna wanafunzi humu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na ulemavu wa akili umo. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022 ikaweka wazi haki ya mgonjwa kukubali matibabu na kushiriki kupanga matibabu yake. Kwa hivyo kumuuliza mke badala ya mgonjwa aliye timamu wa kujibu si utovu wa adabu tu. Kichekesho ni kwamba Katiba hiyohiyo, kifungu cha 83, bado inamnyima kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Heshima kwa mkono wa kulia, kushoto wamekushika koo.

unesi_mwaka_wa_tatu

Nimewaeleza wenzangu darasani kuhusu uzi huu. Wengine walicheka, mmoja akasema "kwani wewe wataka kulazwa Port Reitz?" Nyote mwajua kwa mtu wa Mombasa hospitali hiyo ikitajwa kwa utani inakusudiwa wodi yake ya akili, si ya wazazi. Lakini kumi na kitu wamekubali. Tuna kikundi chetu cha kusomea jioni, si cha chuo, hakihitaji ruhusa ya mtu. Tungependa tuanze na watu wawili watatu waje watufundishe. Kaka Fundi, tunaomba uwe mmoja wao. Tukuulize nini na tusikuulize nini?

Fundi_Friji

Nimekubali, kwa masharti. Nauli na malipo, hata kidogo, kama mnavyomlipa mwalimu wa ziada. Nikifunga karakana asubuhi nzima naacha pesa. Msinirekodi kwa simu. Msinikalishe mbele peke yangu nyinyi mkawa mmepanga safu kama mahakamani, tukae mduara. Na nisije kusimulia siku nilipopotelewa na akili nikavua nguo barabarani, maana najua hiyo ndiyo mnayoitaka. Hiyo ni yangu na mke wangu.

Mnaweza kuniuliza kazi. Mnaweza kuniuliza sauti zinasema nini, nikitaka nitajibu. Niulizeni habari za dawa: mikono inavyotetemeka nikishika bisibisi, kile kipindi nilichoshindwa na tendo la ndoa nikaacha dawa kimyakimya bila kumwambia daktari, kwa sababu hakuna daktari aliyewahi kuuliza. Wengi huacha dawa kwa hilo na mnaandika kwenye faili "mgonjwa hana utambuzi wa hali yake". Nilikuwa na utambuzi sana.

Na mimi nina swali langu kwenu, nitalileta huko huko, mjiandae: mkiwa zamu na nikaja naumwa kifua, mtaanza na kipimo gani?

unesi_mwaka_wa_tatu

Tumekubali yote. Tutachanga. Jumanne jioni?

Fundi_Friji

Jumanne nina jokofu la mtu wa samaki pale Mwembe Tayari, likichelewa mali yote inaoza. Jumatano baada ya alasiri. Namleta na mwenzangu tunayekutana naye kliniki, yeye haongei sana, msimlazimishe.

Nesi_Mzoefu

Nami nitakuja, bila sare. @Kalamu_Nyekundu njoo pia, na ile orodha ya Allport tuichapishe. @unesi_mwaka_wa_tatu nitumie ujumbe wa faragha unielekeze mahali. Na mwezi ujao siku ya sindano nawataka wanne wanne kliniki asubuhi, mtasaidia kupima presha na sukari kwa kila anayekuja, maana mashine tunayo na mikono ndiyo inayokosekana.